Kumlazimisha Mwanafunzi Kuzungumza Mbele ya Darasa: Stadi, Njia au Adhabu?

Ikisiri

Katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki mwanafunzi hutakiwa mara kwa mara kusimama na kuzungumza mbele ya wenzake. Makala haya yanachunguza iwapo jambo hilo linapaswa kuwa la lazima. Yanadai kwamba mjadala kuhusu suala hili umekuwa mgumu kwa sababu mambo matatu tofauti huitwa kwa jina moja: kuzungumza kama stadi inayofundishwa, kuzungumza kama njia ya kujifunza somo jingine, na kuzungumza kama adhabu. Kwa kuzingatia matokeo ya utafiti kuhusu ujifunzaji wa lugha, hali ya lugha ya kufundishia nchini Tanzania, muundo wa mitihani ya Kiswahili, na taratibu za utendaji katika fasihi simulizi, makala yanahitimisha kwamba ulazima una uhalali katika jambo la kwanza tu, na kwamba hata hapo hauna budi kumfunga mwalimu kabla ya kumfunga mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Walimu wa lugha wamezoea kuhesabu stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mpangilio huo unafuata namna binadamu anavyoipata lugha yake ya kwanza, kwani mtoto husikia na kusema miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu. Hata hivyo, katika upimaji mpangilio huo hupinduliwa. Nchini Tanzania mtihani wa taifa wa Kiswahili wa kidato cha nne ni wa maandishi. Nchini Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 na ulioifanya lugha ya Kiswahili kuwa somo la kutahiniwa, mtihani wa mwisho wa sekondari una karatasi tatu, yaani insha, lugha na fasihi, na zote tatu huandikwa. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kabisa katika somo la Kiswahili bila ya mtahini yeyote kuisikia sauti yake.

Mwanafunzi huyohuyo akifika chuo kikuu hukuta utaratibu mwingine. Katika semina huambiwa awasilishe mada kwa dakika kumi au kumi na tano, na uwasilishaji huo hupewa alama. Baadhi ya wanafunzi hufanya vizuri. Wengi husoma karatasi waliyoiandika, neno kwa neno, macho yakiwa chini. Wachache hawafiki kabisa siku ya zamu yao, na hukubali kupoteza alama kuliko kusimama mbele ya watu. Mhadhiri hubaki na maamuzi mawili: ama kushikilia kwamba lazima kila mtu azungumze, ama kuruhusu anayetaka aandike badala ya kusema. Uamuzi wa kwanza huonekana kuwa wa ukali na wa pili huonekana kuwa wa huruma, lakini mara nyingi yote miwili hufanywa bila ya kuulizwa kwanza ni kitu gani hasa kinachodaiwa kwa mwanafunzi.

Suala hili si dogo. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji nchini Tanzania ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kila mmoja wao ana haki ya kuhudhuria, lakini maamuzi kuhusu ardhi, maji na michango huathiriwa na wale wanaosimama na kusema. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini humo, raia wa kawaida anaweza kujieleza mwenyewe kwa lugha anayoijua. Aliyemaliza shule bila ya kuwahi kusimama na kueleza jambo mbele ya watu thelathini anaingia katika mabaraza hayo akiwa na haki asiyoweza kuitumia. Kwa upande mwingine, aliyesimamishwa na kuchekwa shuleni huenda akajifunza jambo moja tu, kwamba usalama uko katika kunyamaza.

2.0 Mambo Matatu Yenye Jina Moja

Usemi “kuzungumza mbele ya darasa” unatumika kwa matendo yasiyofanana. La kwanza ni kuzungumza kama stadi. Hapa lengo la kipindi ni kuzungumza kwenyewe: kupanga hoja, kutamka, kutumia kiimbo, kuitazama hadhira na kujibu maswali yake. La pili ni kuzungumza kama njia. Mwalimu wa historia au baiolojia anapomwita mwanafunzi aeleze jambo, lengo lake si ufasaha wa usemaji bali ni historia au baiolojia. Lugha hapo ni chombo. La tatu ni kuzungumza kama adhabu. Mwanafunzi aliyesinzia, aliyechelewa au asiyesikiliza huitwa mbele ajibu swali ambalo mwalimu anajua kwamba hawezi kulijibu. Jibu halitarajiwi; kinachotarajiwa ni aibu.

Aina hizi tatu hutofautiana katika yale zinayomdai mwanafunzi na katika uhalali wa madai hayo. Anayefundishwa kuogelea hawezi kusamehewa maji. Vivyo hivyo, anayefundishwa kuzungumza hawezi kuipata stadi hiyo kwa kuandika insha juu yake. Lakini anayefundishwa baiolojia anaweza kuonyesha ujuzi wake kwa mchoro, kwa jaribio au kwa maandishi, na kumlazimisha aseme ni kuongeza mtihani wa pili juu ya ule wa kwanza. Ama aina ya tatu, haifundishi chochote isipokuwa kuzihusisha sauti na aibu, na kwa hiyo huziharibu aina mbili za mwanzo. Mwanafunzi hawezi kutofautisha kwa urahisi wito wa kufundishwa na wito wa kuadhibiwa ikiwa vyote viwili hutolewa na mwalimu mmoja, katika chumba kimoja, kwa maneno yaleyale: “Njoo mbele.”

3.0 Hoja za Kuunga Mkono Ulazima

Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa ulazima inatokana na utafiti wa Merrill Swain nchini Kanada. Swain (1985) aliwachunguza wanafunzi waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwao. Baada ya miaka kadhaa ya kuisikia lugha hiyo kila siku, uwezo wao wa kuelewa ulikaribia ule wa wazawa wa lugha, lakini usemaji wao ulibaki nyuma, hasa katika sarufi. Maelezo ya Swain ni kwamba msikilizaji anaweza kuelewa ujumbe kwa kutegemea muktadha na msamiati, bila ya kulazimika kuujenga muundo wa sentensi. Msemaji hana njia hiyo ya mkato. Anaposukumwa aseme jambo kwa ukamilifu ndipo anapogundua pengo lililopo baina ya anachotaka kusema na anachoweza kusema.

Hoja hiyo inawahusu hata wazungumzaji wa Kiswahili kama lugha ya kwanza, kwani rejesta ya hoja rasmi si ile ya sokoni wala ya nyumbani. Kijana anayezungumza kwa ufasaha na rafiki zake anaweza kukwama anapotakiwa kutetea msimamo, kunukuu, kukubali sehemu ya hoja ya mpinzani na kukataa sehemu nyingine. Dell Hymes, alipoiendeleza dhana ya umilisi wa mawasiliano katika miaka ya 1960 na 1970, alisisitiza kwamba kuijua lugha ni pamoja na kujua nini kisemwe, kwa nani, lini na kwa namna gani. Ujuzi huo haupatikani katika kitabu cha sarufi. Hupatikana kwa kuzungumza na hadhira halisi.

Hoja ya pili ni ya usawa. Darasa ambalo kuzungumza ni kwa hiari si darasa huru kama linavyodhaniwa. Hiari hutumiwa na wale ambao tayari wana ujasiri: waliotoka katika shule zenye midahalo, waliolelewa katika nyumba ambamo watoto huulizwa maoni yao, na mara nyingi wavulana kuliko wasichana. Mwalimu anayesema “anayetaka aseme” huwapa mazoezi zaidi wale wanaoyahitaji kidogo. Mwisho wa mwaka tofauti iliyokuwapo mwanzoni huwa imekua, na mwalimu huiita kipaji.

4.0 Hoja za Kupinga

Wapinzani wa ulazima nao wana ushahidi. Krashen na Terrell (1983) walidai kwamba mwanafunzi wa lugha huhitaji kipindi cha ukimya ambamo anaikusanya lugha kwa kusikia, na kwamba hofu huzuia anachokisikia kisigeuke kuwa ujuzi. Horwitz na wenzake (1986) walitunga kipimo chenye kauli 33 cha kupima wasiwasi katika darasa la lugha ya kigeni. Waliuhusisha wasiwasi huo na mambo matatu: hofu ya kuwasiliana, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Kusimama mbele ya darasa kwa ajili ya alama huyaunganisha yote matatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kinachopimwa siku hiyo huenda kisiwe umilisi wa mwanafunzi bali uwezo wake wa kustahimili hofu.

Katika darasa la Kiswahili hofu hiyo ina chanzo kimoja kinachojulikana sana, nacho ni lafudhi. Vitamkwa vya vikwamizo kama vile dh, th na gh viliingia katika Kiswahili hasa kupitia maneno yenye asili ya Kiarabu, na lugha nyingi za Kibantu za bara hazinavyo. Mzungumzaji wa lugha hizo anaweza kusema “zambi” badala ya “dhambi”. Wengine lugha zao hazitofautishi l na r, na hivyo “kura” na “kula” huweza kubadilishana. Kiisimu makosa haya ni ya kutarajiwa na aghalabu muktadha huondoa utata. Kijamii, hata hivyo, kicheko cha darasa huyageuza kuwa alama ya kabila na ya tabaka. Mwanafunzi aliyechekwa kwa sababu ya r moja hatainua mkono tena, na ukimya wake utasomwa kama uvivu.

Kuna pia wanafunzi ambao kwao kikwazo si hofu peke yake. Inakadiriwa kwamba takribani mtu mzima mmoja katika kila mia ana kigugumizi. Kwa kadiri hiyo, mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 300 anaweza kutarajia kuwa na watatu. Kanuni isiyowatambua hao hugeuka kuwa adhabu hata kama mwalimu hakukusudia. Mwanafunzi kiziwi, kwa upande wake, ana lugha kamili ya alama, na kumwondolea wajibu wa kuwasilisha kwa sababu “hasemi” ni kumnyima stadi anayoweza kuimudu kwa mikono yake.

5.0 Suala la Lugha

Mjadala huu haukamiliki bila ya kutaja lugha ambayo mwanafunzi analazimishwa kuizungumza. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma Tanzania Bara, ilhali Kiingereza kiliendelea katika sekondari. Ripoti ya Criper na Dodd (1984) ilionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini ya kile kinachohitajika ili kujifunza kwa lugha hiyo. Roy-Campbell na Qorro (1997) waliieleza hali hiyo kuwa ni mgogoro. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini ilikipa Kiingereza nafasi pia, na katika utekelezaji Kiingereza hakikuondoka madarasani.

Katika mazingira hayo, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeitwa mbele aeleze usanisinuru kwa Kiingereza anadaiwa mambo mawili kwa pamoja. Akinyamaza, mwalimu hajui kama amekosa baiolojia au amekosa maneno. Ndiyo maana madarasa mengi huunda njia ya kujihami. Keith Chick (1996), akichunguza madarasa ya KwaZulu nchini Afrika Kusini, alionyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoshirikiana katika maongezi ya usalama: mwalimu huacha silabi au neno la mwisho, na darasa zima humalizia kwa pamoja. Hakuna anayeaibika na hakuna anayejifunza sana. Msomaji aliyewahi kukaa katika darasa la Afrika Mashariki anaijua sauti hiyo ya pamoja.

Ulazima wa kuzungumza lugha isiyomudika una historia yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa fikra, ameeleza jinsi watoto wa shule katika Kenya ya kikoloni walivyovishwa kibao shingoni au kuchapwa kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama. Pale ambapo lugha moja hulazimishwa kwa kuadhibu nyingine, mwanafunzi hajifunzi kusema, hujifunza kujichunga. Kwa hiyo swali la iwapo azungumze haliwezi kutenganishwa na swali la iwapo amepewa lugha ya kuzungumzia. Katika somo la Kiswahili lugha hiyo ipo kwa wanafunzi wengi. Hiyo ni sababu ya somo hili kubeba wajibu mkubwa zaidi wa kufundisha usemaji kuliko masomo mengine yote.

6.0 Funzo la Fasihi Simulizi

Husemwa mara nyingine kwamba kumtaka kijana azungumze mbele ya watu ni kinyume cha adabu ya Kiafrika. Methali zinaonekana kukubali: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini methali nyingine hupinga: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukweli ni kwamba jamii za Waswahili na majirani zao hazikumnyamazisha mtoto wala hazikumwachia aseme ovyo. Zilimwekea mahali pa kusemea, na taratibu zake zinastahili kuchunguzwa na mwalimu wa leo.

Utegaji wa vitendawili ni mfano mzuri. Anayetega hutangaza, “Kitendawili!”, na hadhira humjibu, “Tega!” Fomula hiyo humpa msemaji kibali cha kusikilizwa kabla hajasema lolote la kwake, tena hata awe mtoto mdogo kuliko wote waliopo. Wanaojibu hukosea mara nyingi, na kukosea kwao ni sehemu ya mchezo. Wakishindwa kabisa humpa mtegaji mji, naye huzuru mji huo kwa maneno kisha hutoa jibu. Kushindwa kuna gharama, lakini gharama hiyo ni ya mchezo na hulipwa na wote. Vivyo hivyo, fanani wa ngano huanza na “Paukwa!” na hadhira hujibu “Pakawa!” Katika tanzu hizi hadhira haikai kimya kama jopo la mahakimu, ina wajibu wake wa kuitikia.

Ngonjera zinatoa funzo la aina nyingine. Mathias Mnyampala (1917–1969) alizikuza kama ushairi wa kujibizana, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilienea katika shule za Tanzania. Watoto walisimama mbele ya wazazi na viongozi wakatongoa beti zao bila ya karatasi. Faida yake ilikuwa dhahiri: sauti ilizoezwa, woga wa jukwaa ulipungua, na hakuna aliyesimama peke yake. Upungufu wake nao ni dhahiri. Maneno hayakuwa ya mtoto, wala hakutakiwa kujibu swali ambalo halikuwamo katika beti. Ngonjera ilifundisha kusimama na kutamka. Haikufundisha kujenga hoja papo kwa papo. Kwa hiyo inafaa iwe ngazi ya mwanzo, si ya mwisho.

7.0 Nini Kinachopimwa?

Hata pale ambapo ulazima unakubalika, upimaji wake mara nyingi hukosewa kwa sababu mazungumzo hupimwa kwa vigezo vya maandishi. Tuchukue mifano miwili ya kubuni ya mwanafunzi anayewasilisha mada kuhusu tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inayohusu Vita vya Majimaji vya 1905–1907.

(1) Mwandishi, ambaye aliiandika tamthilia hii katika kipindi ambacho taifa lilikuwa limekwisha kupata uhuru, anamchora mhusika mkuu kama kiongozi ambaye anakabiliwa na mgongano uliopo baina ya shaka yake na imani ya wafuasi wake.

(2) Sasa, huyu Kinjeketile, yeye tatizo lake liko hapa. Watu wake wanayaamini maji. Yeye mwenyewe ameanza kuyatilia shaka. Je, afanye nini?

Sentensi ya (1) ina virejeshi vitatu vya amba- na kimoja cha -o- ndani ya sentensi moja, na kitenzi chake kikuu huja baada ya vishazi viwili tegemezi. Msomaji anaweza kuirudia; msikilizaji hawezi. Usemi wa (2) huitanguliza mada, huirejelea kwa kiwakilishi “yeye”, hutumia “sasa” kama kiashiria cha mwanzo wa hoja, hugawa wazo katika sentensi fupi na huishirikisha hadhira kwa swali. Hizo ni sifa za kawaida za mazungumzo yaliyopangika. Mhadhiri anayempa alama zaidi mwanafunzi wa (1) kwa sababu “ametumia Kiswahili cha kitaaluma” amempima kuandika, na amemfundisha kwamba njia salama ni kuja na karatasi na kuisoma.

Usomaji huo wa karatasi hupoteza pia kile ambacho maandishi hayawezi kukibeba. Katika Kiswahili tofauti baina ya taarifa na swali la ndiyo au siyo huweza kuwa katika kiimbo peke yake: “Umesoma.” na “Umesoma?” Mkazo nao, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, huweza kutofautisha maana, kama inavyojulikana katika jozi ya barabàra, yaani njia, na baràbara, yaani sawasawa. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti ya kiwango kimoja hajatumia mfumo huu, hata kama kila neno lake ni sahihi. Ikiwa vigezo vya alama havitaji kiimbo, mkazo, kasi, mpangilio wa hoja na namna ya kujibu maswali, basi kulazimisha uwasilishaji hakuna maana kitaaluma.

8.0 Masharti ya Ulazima

Kutokana na yaliyoelezwa, yafuatayo ni masharti ambayo pasipo kutimizwa mwalimu hana haki ya kulazimisha.

(a) Lengo litamkwe. Mwanafunzi ajue kama anafundishwa kuzungumza au anaulizwa somo. Katika hali ya pili apewe njia nyingine ya kuonyesha anachokijua. Kumwita mtu mbele kwa nia ya kumwadhibu kukomeshwe kabisa.

(b) Ngazi zifuatwe. Mazungumzo ya wawili wawili yatangulie yale ya kikundi, na ya kikundi yatangulie yale ya darasa zima. Wingi wa wanafunzi si kisingizio. Kwa kweli ndio unaodai utaratibu huu. Katika darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akizungumza mbele ya wote kwa dakika tano, zinahitajika dakika 300, ambazo ni zaidi ya vipindi saba vya dakika 40. Wakigawanywa katika vikundi 12 vya watu watano, wote 60 wanaweza kuzungumza kwa dakika tano kila mmoja katika kipindi kimoja, na zikabaki dakika 15 za majadiliano.

(c) Muda wa kufikiri utolewe. Mary Budd Rowe, katika utafiti wake wa miaka ya 1970 katika madarasa ya sayansi nchini Marekani, alibaini kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Hakuna sharti lililo rahisi kuliko hili, wala lisilohitaji fedha.

(d) Hadhira nayo ifundishwe. Kicheko kwa lafudhi kizuiwe kwa maelezo ya kiisimu na si kwa kemeo pekee, kwani darasa linaloelewa kwa nini l na r hubadilishana huwa na sababu ndogo ya kucheka. Wasikilizaji wapewe kazi: kuuliza swali, kufupisha hoja, kuitikia. Masahihisho ya matamshi yatolewe baada ya msemaji kumaliza.

(e) Umbo lirekebishwe bila ya kufuta wajibu. Mwenye kigugumizi aongezewe muda, azungumze mbele ya wachache, au aanze kwa kughani pamoja na wenzake, kwa kuwa inajulikana kwamba kigugumizi hupungua sana mtu anapotamka pamoja na wengine au anapoimba. Kiziwi awasilishe kwa lugha ya alama akiwa na mkalimani.

Inaweza kupingwa kwamba sharti la mwisho litatumiwa vibaya na kila mwoga. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama sharti lingetoa msamaha. Halitoi msamaha, linabadilisha ukubwa wa hadhira, muda au njia, huku stadi ikibaki ileile. Mwanafunzi mwoga anayeanza kwa watu watano hajaikwepa kazi. Ameianza mahali ambapo anaweza kuimaliza, na mwalimu ana wajibu wa kumsogeza mbele katika muhula unaofuata.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la iwapo mwanafunzi alazimishwe kuzungumza mbele ya darasa haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana moja. Pale ambapo kuzungumza ndiko kunakofundishwa, hiari huwanyima stadi hiyo wale wanaoihitaji zaidi, na kwa hiyo ulazima ni wa haki. Pale ambapo kuzungumza ni njia tu, na hasa kwa lugha ambayo mwanafunzi haimudu, ulazima hupotosha upimaji. Pale ambapo ni adhabu, hauna nafasi.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili, kwa kuwa zinaandaa walimu, na kazi ya mwalimu ni kuzungumza mbele ya darasa kila siku. Mwalimu mtarajiwa aliyeruhusiwa kukaa kimya kwa miaka mitatu atajifunza kusema mbele ya watoto wa watu, kwa gharama yao. Mtalaa wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa nchini Kenya mwaka 2019 umekuweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kuu ya somo la Kiswahili. Mada hiyo itafundishwa vizuri au vibaya kulingana na wale waliofunzwa vyuoni. Inapendekezwa kwamba kila idara iandike vigezo vyake vya kupima uwasilishaji kwa kutumia sifa za lugha ya mazungumzo, ivigawe kwa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, na irekodi mawasilisho machache, kwa ridhaa ya wahusika, ili yachunguzwe. Data ya namna hiyo ndiyo itakayowezesha utafiti zaidi kubaini ni ngazi zipi zinazomsogeza mwanafunzi mkimya, na kwa muda gani.